Sanduku la Tyubu Zilizozibwa



Katika somo hili tutazungumza juu ya tyubu za baiskeli. Siyo tyubu mpya za dukani, bali zile zilizokwisha kuzibwa viraka. Watu wengi huzitundika ukutani na kuzisahau, au huzikata kamba za kufungia mizigo. Sisi tunasema kwamba tyubu iliyozibwa vizuri ni mali. Wenye baiskeli wa kitongoji kimoja wakiziweka zao pamoja, mali hiyo huwasaidia wote.

Katika mikoa kama Shinyanga, Simiyu na Tabora, baiskeli hubeba maji, mkaa, mahindi na hata wagonjwa. Njia zenyewe zina mbigili na miiba ya migunga. Sasa basi, tuseme ni usiku, mtoto ana homa kali, na zahanati iko kilomita 9. Baba anatoa baiskeli, anakuta gurudumu la nyuma limelala. Kuziba pancha kunataka mwanga, gundi na nafasi. Kubadili tyubu ni kazi ya muda mfupi, kama tyubu nyingine ipo. Je, iwepo wapi? Iwepo kwenye sanduku la wenye baiskeli, katika nyumba inayojulikana na wote.

TUZIBE VIZURI

Baiskeli hutembea juu ya upepo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo la baiskeli. Tangu siku hizo mwiba mdogo unaweza kumsimamisha mtu mzima njiani. Basi tufuate hatua hizi:

1. Jaza tyubu upepo kidogo, iingize katika karai la maji, tazama mapovu yanapotokea. Tia alama hapo, kisha ikaushe.

2. Papasa ndani ya tairi polepole kwa kitambaa. Ukiacha mwiba humo, utatoboa tyubu ya pili kama ya kwanza.

3. Sugua kwa msasa mahali penye tundu, eneo kubwa kuliko kiraka. Usipaguse tena kwa vidole, maana jasho na mafuta huzuia gundi kushika.

4. Paka gundi nyembamba, kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Gundi ikiwa bado mbichi, kiraka huteleza na baadaye hubanduka. Ngoja mpaka ising'ae tena.

5. Bandika kiraka, kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Nyunyiza poda kidogo ili gundi iliyobaki isishikane na tairi.

6. Unaporudisha tairi tumia mikono. Bisibisi hubana tyubu na kuitoboa upya.

Tyubu iliyochanika karibu na shina la vali, au yenye mpira uliopasukapasuka kwa uzee, isiingie sandukuni. Hiyo ndiyo ya kukata viraka na kamba za mizigo.

TUSOME NAMBA

Hapa kusoma kwetu kunafanya kazi. Tazama ubavuni mwa tairi. Baiskeli nyingi za mizigo zina maandishi 28 x 1½. Namba ya kwanza ni ukubwa wa gurudumu kwa inchi, ya pili ni unene wa tairi. Pengine utaona pia 40-635, yaani unene wa milimita 40, na kipenyo cha ringi, pale tairi linapokaa, cha milimita 635. Baiskeli nyingine, hasa zile za matairi manene, zina 26 mwanzoni.

Tyubu ya 28 ikiingia katika gurudumu la 26 hujikunja, na pale penye mkunjo husagika. Tyubu ya 26 ikilazimishwa katika 28 huvutika, na viraka vyake hulegea. Tazama na vali pia. Kuna vali ya kawaida ya baiskeli na kuna vali kama ya gari. Usipokuwa na pampu inayoiingia, tyubu hiyo haikusaidii kitu njiani.

TYUBU ILALE NA UPEPO

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Sanduku la pamoja haliharibiwi na miiba. Huharibiwa na mtu mmoja anayerudisha tyubu mbovu akisema ni nzima. Mwenzake ataitoa usiku, ataifunga, na baada ya kilomita 2 atakuwa anasukuma baiskeli. Aliyeirudisha hivyo hakumsaidia jirani. Amemtega. Na kesho yake watu wataacha kuliamini sanduku, kila mmoja ataficha tyubu yake chini ya kitanda.

Kwa hiyo sheria ya kwanza iwe hii: hakuna tyubu inayoingia sandukuni kabla haijalala usiku mmoja na upepo. Ijazwe mpaka iwe mviringo tu. Isijazwe sana, kwa kuwa nje ya tairi inaweza kupasuka. Itundikwe ndani ya nyumba, mbali na jua, petroli na panya. Asubuhi ikiwa bado imejaa, imefaulu. Ikiwa imenywea, irudi kwenye karai.

Wengine watasema: "Mimi nilinunua tyubu mpya, kwa nini nipewe yenye viraka vitatu?" Hoja hiyo ni ya haki, tusiipuuze. Jibu lake ni kwamba sanduku huazima, halibadilishani. Kila tyubu ifungwe kitambaa chenye namba. Aliyechukua namba 3 airudishe namba 3 ndani ya siku 7, ikiwa nzima. Tyubu yake mwenyewe inabaki kuwa yake.

DAFTARI

Mweka daftari aandike hivi:

Namba 3. Kipimo 28 x 1½. Vali ya kawaida. Viraka 2. Imetoka tarehe 6, jina la aliyeichukua. Imerudi tarehe 9, viraka 3. Imelala na upepo, imefaulu.

Mstari huo mmoja unamaliza ugomvi mwingi. Hakuna wa kusema "nilirudisha" wala "sikuambiwa". Daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi, na mweka daftari asiwe yule yule anayepima tyubu. Hivyo mmoja atamwangalia mwenzake, bila ya kutiliana shaka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la mwiba ni dogo, lakini siku ya shida linaweza kumchelewesha mgonjwa. Kuliziba ni kazi ya mtu mmoja. Kuhakikisha kwamba tyubu iliyozibwa inamfikia anayeihitaji, hiyo ni kazi ya kikundi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunangoja gundi ikauke kabla ya kubandika kiraka?

2. Soma ubavu wa tairi la baiskeli yako. Andika namba zote unazoziona.

3. Watu 12 wakichanga kila mmoja sh. 500 kwa mwezi kwa ajili ya gundi na msasa, watapata shilingi ngapi kwa miezi 3?

4. Mtu akirudisha tyubu ikanywea usiku, aitengeneze yeye au kikundi? Toeni sababu.

5. Asiye na baiskeli wala tyubu, lakini ana mgonjwa na ameazima baiskeli ya jirani, apewe tyubu ya sanduku au asipewe? Andikeni uamuzi wenu katika ukurasa wa kwanza wa daftari.