Dhamana ya Ziada: Tuinunue au Tuiache?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makala haya nakusudia kuonyesha jinsi daftari, kalamu na hesabu tunayofunzwa darasani vinavyoweza kumsaidia mtu wa kawaida kuamua jambo linalomkosesha usingizi. Jambo lenyewe ni hili: ukinunua chombo kipya, na muuzaji akakwambia ulipe pesa zaidi ili dhamana irefushwe, je, ulipe au ukatae?

Mfano wangu ni pikipiki. Mjomba wangu ni mwendeshaji wa bodaboda kule Ruiru, na karo yangu hutoka kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yake. Ikilala gereji wiki moja, mimi pia huenda nikalala nyumbani wiki moja. Kwa hivyo swali hili si la mchezo kwetu.

Itakumbukwa kwamba mwaka 2008 serikali iliziondolea pikipiki zenye injini ndogo kodi ya ongezeko la thamani. Bei ikashuka, na vijana wengi wa Thika, Juja na Ruiru wakajipatia riziki. Leo hakuna steji isiyo na boda.

Kisa chenyewe

Mjomba alinunua pikipiki mpya mjini Thika kwa shilingi 170,000, pesa alizoweka kwenye chama kwa muda wa miaka miwili. Ilikuja na dhamana ya miezi 12 au kilomita 12,000. Muuzaji akamwambia kwamba akiongeza shilingi 9,500, atapewa miezi mingine 12 au kilomita nyingine 12,000. Alipewa siku saba za kufikiri. Alifika nyumbani na karatasi mkononi, akaniambia, "Wewe ndiye msomi hapa. Hebu nisomee haya maandishi madogo madogo, macho yangu yamechoka na vumbi."

Nikamsomea kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu. Shosho alikuwa kando akichambua maharagwe, anasikiliza tu.

Tuyaelewe maneno kwanza

Dhamana ni ahadi ya muuzaji au mtengenezaji kwamba chombo kikiharibika kwa kasoro ya kiwandani, atakitengeneza bila malipo. Wengine husema waranti. Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI: dhamana imeisha, dhamana zimeisha. Mahakamani, dhamana ni kile kinachomtoa mshtakiwa rumande. Maana zote mbili zina mzizi mmoja, yaani mtu kusimama mahali pa mwingine. Ndiyo maana tunapata kudhamini, mdhamini na udhamini.

Bima ni kitu tofauti. Hulipia hasara inayotokana na ajali, wizi au moto, kulingana na mkataba. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwafafanulia.

Ni vyema pia kujua kwamba hata bila karatasi ya ziada mnunuzi si yatima. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayoletwa na kasoro. Pikipiki mpya ikizima kabisa siku ya tatu, hilo si jambo la kununuliwa kwa shilingi 9,500. Ni haki yako tayari.

Hatua ya kwanza: saa au kilomita?

Tazama neno "au" katika miezi 12 au kilomita 12,000. Karatasi ilieleza kwamba linalotangulia ndilo linalofunga hesabu. Mjomba huenda kama kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Basi:

100 × 26 = kilomita 2,600 kwa mwezi.
12,000 ÷ 2,600 = miezi 4.6.

Yaani dhamana ya kwanza, inayoitwa ya mwaka mmoja, kwake itaisha kabla ya mwezi wa tano kwisha. Ile ya kununua nayo itaishi miezi 4.6 vilevile. "Miaka miwili" ya kwenye karatasi ni kama miezi tisa tu barabarani! Mjomba aliposikia hivyo aliguna, akaomba nirudie hesabu. Nikairudia. Jibu likawa lile lile.

Kwa mwenzake wa mbali, hesabu hugeuka. Mwaka 1959 kampuni ya Bombardier ya Quebec, Kanada, ilianza kuuza Ski-Doo, chombo kidogo cha kuendeshwa juu ya theluji. Chombo cha aina hiyo hufanya kazi wakati wa baridi tu. Theluji ikiyeyuka kinalala ghalani, lakini miezi ya dhamana inaendelea kuhesabiwa. Yeye anamalizwa na kalenda, mwendeshaji wa Ruiru anamalizwa na kilomita. Kila mtu na apime matumizi yake.

Hatua ya pili: nini kimeachwa nje?

Katika karatasi ile, kilicholindwa ni injini na giaboksi. Vilivyoachwa nje ni tairi, cheni na sproketi zake, breki, klachi, balbu, plagi na nyaya. Ukiuliza boda yeyote anayepanda kutoka lami hadi njia za udongo mweusi za Juja wakati wa mvua, atakwambia ni hivyo hivyo vinavyomaliza pesa yake. Vitu vinavyokwisha kwa kusuguana kwa kawaida havidhaminiwi, kwa sababu kuisha ndiko kazi yao.

Kulikuwa na masharti mengine. Sabisi zote zifanywe kwenye gereji ya muuzaji, Thika, na risiti zihifadhiwe. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20, kwa hivyo kwenda na kurudi ni 40, na nusu siku ya kazi imekwenda. Tena kulikuwa na mstari mmoja ulioruhusu muuzaji kukataa dai ikiwa pikipiki "imetumika kwa kubeba abiria wa malipo" bila kuandikishwa hivyo. Mstari huo mmoja ungeweza kuila ile 9,500 yote. Msomaji, uliza swali hilo kabla ya kulipa, na jibu liandikwe, lisiwe la mdomo.

Hatua ya tatu: mizani

Nilimtembelea fundi mmoja wa Makongeni nikamuuliza: injini ikifunguliwa yote, spea pamoja na kazi, ni pesa ngapi? Akasema kwa bei ya gereji yake ni kama shilingi 18,000. Sasa tugawanye:

9,500 ÷ 18,000 = 0.53 hivi.

Maana yake ni kwamba, ili dhamana hiyo ijilipe, lazima zaidi ya pikipiki moja katika kila mbili za aina yake ziharibike injini katika miezi ile 4.6, tena kwa kasoro ya kiwandani. Fundi alicheka. Alisema injini nyingi anazofungua zimekufa kwa kukosa oili, na kosa hilo ni la mwenyewe, halilipwi na karatasi yoyote.

Muuzaji pia anajua kupiga hesabu. Bei ya dhamana lazima ilipe matengenezo, ofisi na faida yake. Kwa hivyo wanunuzi wote wakiwekwa pamoja, hulipa zaidi ya wanachorudishiwa. Hilo si wizi, ni biashara. Hata bima ni hivyo. Lakini bima tunaikubali pale hasara ni kubwa kiasi cha kumwangusha mtu asiinuke. Shilingi 18,000 zingemuuma Mjomba, lakini zisingemmaliza.

Swali la Shosho

Nilipomaliza kusoma, Shosho aliweka ungo chini akauliza, "Na ikiibwa, hiyo karatasi italipa?"

Nikasema, "La, Shosho."

"Na akigongwa na lori pale barabara kubwa?"

"Hapana."

"Basi inalinda kile kisichonitisha."

Ama kweli, kuishi kwingi ni kuona mengi. Bima ambayo sheria ya Sura ya 405 inalazimisha ni ya mtu wa tatu. Humlipa aliyeumizwa, haimrudishii mwendeshaji pikipiki yake. Mjomba alikuwa na hiyo tu. Pikipiki ikipotea, shilingi 170,000 zingekwenda zote, na karo pamoja nazo.

Uamuzi

Mjomba hakununua dhamana ya ziada. Zile 9,500 aliziongezea kidogo akachukua bima ya jumla, inayofidia wizi na ajali. Pili, kila jioni anatenga shilingi 50 za matengenezo. Kwa siku 26 ni 1,300, na kwa miezi tisa ni 11,700, na zisipotumika zinabaki zake. Daftari analishika Shosho, kwa kuwa pesa ikiwa mfukoni mwa mwenyewe haikosi safari. Bila nidhamu hiyo, ushauri wangu wote ungekuwa maji ya kwenye pakacha.

Sisemi dhamana ya ziada ni mbaya siku zote. Ningeilipia ikiwa chombo hutumika kidogo na muda ni mrefu, ikiwa sehemu iliyolindwa ni ghali sana, kama betri ya pikipiki ya umeme, na ikiwa kuharibika kwake kungenishinda kulipa. Muhimu ni kusoma kwanza, kuhesabu pili, na kutia sahihi mwisho.

Mazoezi

1. Mwalimu ana pikipiki yenye dhamana kama ya Mjomba, lakini huenda kilomita 15 tu kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Ni miezi au kilomita itakayotangulia? Onyesha hesabu.

2. Tunga sentensi mbili kutofautisha dhamana na bima.

3. Chukua karatasi ya dhamana ya redio, simu au jiko la nyumbani kwenu. Andika kwa Kiswahili vitu vitatu ambavyo imeviacha nje, kisha uwasomee wazazi.