Samaki Mkubwa ni Mama: Maswali na Majibu Kuhusu Besi Milia

Katika pwani ya mashariki ya Marekani, kuanzia North Carolina hadi Maine, kuna samaki anayewakesha watu wazima juu ya mawe yenye utelezi, gizani, upepo ukiwapiga usoni, na wala si kwa njaa. Wanamtafuta besi milia mmoja tu, mkubwa kuliko wote waliowahi kuwaona. Mtaalamu wetu wa samaki anajibu maswali ya wasomaji.

Besi milia ni samaki wa namna gani?

Ana rangi ya fedha ubavuni, na mistari saba au minane myeusi inayokwenda kutoka kichwani hadi mkiani. Wanasayansi humwita *Morone saxatilis*, jina la pili likiwa na maana ya anayekaa kwenye miamba, maana hupenda kuwinda pale mawimbi yanapovunjikia. Huishi baharini, lakini majira ya kuchipua hupanda mitoni kutaga mayai kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Wengi wa pwani ya Atlantiki huzaliwa kwenye mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake. Wengine hutoka mito ya Hudson na Delaware. Akiepuka nyavu na ndoana, anaweza kufika miaka 30.

Mkubwa ni wa kiasi gani, na rekodi ni ya nani?

Kwa wavuvi wa huko, kilo 23 hivi, yaani ratili 50, ndiyo shabaha ya maisha. Wako waliovua miaka 40 na hawajaifikia.

Rekodi ya dunia ni kilo 37.1. Gregory Myerson alimnasa samaki huyo tarehe 4 Agosti 2011 karibu na Westbrook, Connecticut, akiwa kwenye mashua iliyoachwa ichukuliwe na mkondo, chambo chake kikiwa mkunga hai. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Albert McReynolds. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1982, katikati ya dhoruba, alisimama kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kuingia baharini huko Atlantic City, akapambana zaidi ya saa moja na samaki wa kilo 35.6. Kampuni ya vifaa vya uvuvi ilimpa zawadi ya dola 250,000. Pamoja na fedha yakaja maneno ya watu: wapo waliokataa kuamini kwamba alimvua kihalali, ingawa rekodi ilithibitishwa. Samaki wa rekodi humpa mtu jina, na jina humletea wapelelezi.

Mapenzi haya ya samaki mkubwa yalianza lini?

Ni ya zamani. Mwaka 1864 matajiri wa New York walianzisha klabu ya uvuvi katika kisiwa cha Cuttyhunk, Massachusetts. Walijenga vichanja vya mbao juu ya miamba, wakakaa hapo na fimbo zao, huku vijana wa kuajiriwa wakiwatilia chambo na kutupa vipande majini ili samaki wasogee. Chambo chenyewe kilikuwa mikia ya kamba koche, chakula ambacho leo hoteli huuza kwa bei ya kutisha. Jirani na hapo, mwaka 1913, Charles Church alivua besi wa kilo 33, na rekodi yake ikadumu karibu miaka 70.

Lakini hata kabla ya uvuvi wa michezo, samaki huyu alikuwa na thamani ya kutungiwa sheria. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts Bay lilipiga marufuku kumtumia kama mbolea ya mashamba. Fikiria wingi wake wakati ule: watu walikuwa wakimfukia chini ya mahindi.

Rekodi huthibitishwaje? Si mtu anaweza kusema tu?

Msimamizi ni shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939. Linataka samaki apimwe nchi kavu, kwenye mizani iliyokaguliwa. Uzito uliosomwa ndani ya mashua inayoyumba haukubaliwi. Hutaka pia picha na sampuli ya mshipi uliotumika.

Na hapo ndipo penye mgogoro. Samaki mkubwa kiasi hicho hawezi kupelekwa gatini, kuning'inizwa, kupigwa picha, kisha akarudishwa akiwa mzima. Kwa desturi hiyo, aliyeingia kwenye kitabu cha rekodi amekwisha kufa. Ndiyo maana IGFA iliongeza rekodi za urefu: samaki analazwa kwenye kipimo maalumu, anapigwa picha, anarudi majini.

Kwa nini unapenda kusema samaki mkubwa ni mama?

Kwa sababu ndivyo alivyo. Besi milia dume hakui sana. Karibu wote wanaozidi kilo 14 ni majike. Wavuvi wenyewe wanalijua hilo, na jike mkubwa humwita "ng'ombe". Jike mchanga hubeba mayai laki kadhaa. Ng'ombe huyu hubeba mamilioni, tena mayai yenye akiba kubwa ya chakula kwa kifaranga. Isitoshe, majike wa umri tofauti hawatagi siku moja. Baridi ikiua mayai ya wiki hii, ya wiki ijayo huenda yakapona. Ukiwamaliza wakubwa, umeondoa mayai, na umeondoa pia bima ya ukoo mzima.

Ni kweli aliwahi kukaribia kwisha?

Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 idadi yake iliporomoka. Mwaka 1984 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumhifadhi, na mwaka uliofuata jimbo la Maryland likafunga uvuvi wake kabisa hadi 1990. Ilikuwa dawa chungu, lakini ilifanya kazi: mwaka 1995 ilitangazwa kwamba besi milia wamerejea.

Furaha haikudumu. Tathmini ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba wamevuliwa kupita kiasi tena. Na tangu mwaka huo, vifaranga wanaohesabiwa kwenye maji ya Maryland wamekuwa chini ya wastani miaka mfululizo.

Kanuni nazo zikageuka. Kwa muda mrefu pwani ilikuwa na kipimo cha chini tu, kwa hiyo mtu aliruhusiwa kumrudisha mdogo na kumchukua mama. Mwaka 2020 kikawekwa kipimo cha juu pia, na mwaka 2023 kikabanwa zaidi: kwenye bahari, anayeruhusiwa kuchukuliwa ni wa kati ya sentimita 71 na 79 hivi. Mdogo anarudi akue, mkubwa anarudi akazae.

Basi nikimrudisha nimemwokoa?

Si kila mara. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila besi milia 100 wanaorudishwa, 9 hufa baadaye. Ni wachache hadi ukumbuke kwamba wanaorudishwa kwa mwaka ni mamilioni. Mwaka 2017, karibu nusu ya besi milia wote waliouawa na uvuvi walikuwa wale ambao mvuvi aliwaaga akidhani amewafanyia hisani.

Zipo njia za kupunguza vifo hivyo. Anayetumia chambo halisi sasa analazimika kutumia ndoana ya mviringo, ambayo hunasa kwenye pembe ya mdomo badala ya kuzama tumboni. Tumia mshipi wenye nguvu ili pambano liwe fupi. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Usimning'inize kwa taya. Mshike kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo. Maji yakiwa na joto kali, acha kuvua siku hiyo.

Bila mizani nitajuaje uzito wake?

Wavuvi wana hesabu yao ya zamani. Pima kwa sentimita urefu wa samaki na mzingo wa sehemu yake nene zaidi. Zidisha urefu kwa mzingo, zidisha tena kwa mzingo, kisha gawanya kwa 29,000; utapata kilo. Samaki wa sentimita 120 mwenye mzingo wa 70 ana takriban kilo 20. Ni makadirio, lakini yanatosha kwa simulizi. Hata sanamu ya samaki ya kutundika ukutani siku hizi hutengenezwa kwa plastiki ngumu kutokana na vipimo na picha. Ngozi ya samaki haihitajiki tena.

Je, mkubwa ni mtamu zaidi?

Hapana. Wa wastani ndiye mtamu. Mkubwa amekaa majini miaka mingi, akikusanya zebaki na kemikali za viwandani mwilini, na majimbo kadhaa huwashauri watu wapunguze kumla.

Huku kwetu lipo la kufanana?

Lipo, tena karibu sana. Watamu, Kenya, manahodha wa uvuvi wa michezo wamezoea kuwatia nduaro na sulisuli alama na kuwaachilia, na African Billfish Foundation imekuwa ikikusanya taarifa hizo tangu 1990. Katika Ziwa Victoria, sangara wakubwa nao kwa wingi ni majike, na kanuni ya ukubwa iliyojulikana kwa miaka mingi kwenye viwanda vya samaki ni ya sentimita 50 hadi 85. Ni fikra ileile: acha wadogo, acha na mama zao.

Rekodi ya 2011 itavunjwa?

Kwa mizani, katika bahari ya Atlantiki, ni vigumu, na si lazima iwe kwa sababu samaki hayupo. Kwa kanuni za sasa, anayemnasa besi wa kilo 38 hana ruhusa ya kumleta gatini. Kwa hiyo huenda rekodi ikavunjwa usiku mmoja kwenye mawe, mbele ya watu wawili na tochi. Watampima kwa mkanda, mikono ikitetemeka, watamshikilia majini hadi mkia upate nguvu, naye ataondoka. Kitabu hakitaandika kitu. Msimu wa mayai ukifika, mto ndio utakaojua.