Turbo Imekufa? Vidokezo 7 kwa Wenye Vani za Dizeli Eastlands

Vani ya dizeli iliyozeeka ikianza kulia kama king'ora na kutoa moshi wa buluu, wengi hukimbilia gereji. Lakini kazi ya kubadilisha turbo yawezekana hapo hapo kwenye maegesho yenu Umoja, Kayole au Buruburu. Cha muhimu ni usikimbilie kununua.

1. Hakikisha ni turbo kweli. Moshi mweusi na gari kukosa nguvu mlimani mara nyingi ni hosi ya hewa iliyopasuka. Injini ikiwa baridi, toa hosi na utikise shafti ya turbo kwa vidole. Ikicheza kidogo upande kwa upande, usijali, kwani huelea kwenye mafuta. Ukiihisi ikisogea mbele na nyuma, au mapanga yakikwaruza ganda, imekwisha.

2. Turbo ikishakufa, usiendeshe gari. Inaweza kuilisha injini mafuta yake yenyewe, ikavuma bila kusikia ufunguo. Likikukuta hilo na gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kabisa, weka gia ya juu kisha uachie klachi hadi izime.

3. Tafuta kilichoiua. Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoibeba ni utando mwembamba wa mafuta. Mafuta yakikatika hata kwa muda mfupi, inaungua. Kwa hiyo ukifunga turbo mpya na kuacha paipu ile ile ya mafuta iliyoziba kwa masizi, umenunua kifo cha pili. Badilisha paipu hiyo. Kuipuliza kwa kompresa hakutoshi. Mwenye HiAce ya injini ya 1KD afungue na sampu: washa za shaba chini ya nozeli huvuja, masizi yakaingia kwenye mafuta na kuziba chujio la chini. Nikilazimika kuchagua hatua moja ya kusisitiza, ni hii.

4. Nenda dukani na turbo ya zamani mkononi. Iwe ni Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au Kariobangi Light Industries, linganisha namba za kwenye kibati. Turbo ya mtumba ipime shafti kama nilivyoeleza. Nunua pia gasketi na washa mpya.

5. Nati za ekzosi zilowekwe dawa ya kutu usiku uliotangulia. Toa waya wa betri, piga picha kila hosi kabla ya kuichomoa. Injini ya HiAce iko chini ya viti, kwa hiyo utafanya kazi juu na chini. Tafadhali, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala mawe. Tumia stendi.

6. Kabla ya kufunga, osha mafuta yaliyobaki kwenye intakula na mabomba yake. Gasketi za mafuta usizipake silikoni, kwa sababu vipande vyake huziba njia. Mafuta ya injini, filta yake na filta ya hewa viwe vipya. Vumbi letu halina huruma.

7. Usiwashe kwa pupa. Mimina mafuta safi kwenye tundu la turbo, zungusha shafti kwa vidole, kisha funga paipu. Kata dizeli kwa kuchomoa waya wa solenoidi kwenye pampu, au soketi za nozeli, na upige starta kwa vipindi vifupi hadi taa ya mafuta izime. Rudisha waya, washa, uache injini iungurume dakika chache bila kukanyaga akseleta huku ukikagua uvujaji. Moshi kidogo mwanzoni ni mabaki ndani ya ekzosi. Ukiendelea siku kadhaa, rudi kidokezo cha 3.

Na mafuta machafu usiyamwage mtaroni, maana yataishia Mto Nairobi au Mto Ngong. Yatie mtungini uyapeleke gereji inayoyakusanya.