Flashi ya zamani na pile zake



Siku ya kufunga mwaka nilipewa kazi ya kupiga picha. Apareyi ilikuwa ya filimu, ya zamani, na flashi yake inabeba pile nne ndogo. Asubuhi ile nilinunua pile mpya sokoni, zile za bei nafuu. Picha ya kwanza ikatoka muzuri. Ya pili nikangoja. Flashi inalia kale kamlio kake kama mbu, lakini taa yake ndogo nyekundu haiwaki. Darasa la sita walikuwa wanapita mmoja mmoja kupewa mkono. Walikuwa kumi na wanane, nikapata saba. Wazazi wengine walikuwa wamepanda kutoka Kirumba juu ya siku ile. Mpaka leo kuna mama mmoja akinikuta njiani ananiuliza: «Mwalimu, picha ya mtoto wangu iko wapi?»

Kesho yake nikapima pile zile: volti 1,4 na kidogo kila moja. Basi hazikuwa zimekufa. Sasa kosa lilikuwa wapi?

Tuangalie kwanza kazi ya flashi. Pile nne zinatoa volti 6, lakini taa ya flashi, ambayo ndani yake mna gazi ya xenoni, haiwaki kwa volti 6. Kuna tranzista na transfoma ndogo (ndizo zinazolia) zinazopandisha umeme mpaka karibu volti 300 na kuuweka ndani ya kondansateri. Ukibonyeza, umeme wote unatoka mara moja. Njia hii ya kuwasha taa ya gazi kwa kondansateri iliendelezwa na Harold Edgerton huko Marekani miaka ya 1930, na flashi zetu bado zinaifuata.

Tuhesabu. Kondansateri ya mikrofaradi 1.000 kwa volti 300 inabeba jouli 45 (nusu ya C mara V mara V, mliyasoma). Njiani karibu nusu inapotea, basi pile zinapaswa kutoa jouli 90. Tukitaka flashi iwe tayari kwa sekunde 10, ni wati 9. Gawanya kwa volti 6: ampea 1,5. Kwa pile ndogo, huo ni mzigo mzito. Redio ndogo haiombi hata sehemu ya kumi.

Hapa ndipo rezistansi ya ndani inaingia. Kila pile iko na yake, na voltimeta haikuonyeshi juu pile imepumzika. Pile ya bei nafuu inaweza kuwa na omu 0,5. Nne ni omu 2. Mara ampea 1,5, volti 3 zinabaki ndani ya pile zenyewe! Flashi inapata 3 tu. Na sisi huku tuko juu ya metre 2.000, baridi ya asubuhi inaongeza rezistansi hiyo tena. Wazee wanaoanika pile za toroshi kwenye jua msiwacheke, joto linaipunguza kwa muda. (Kwenye moto, hapana. Pile inapasuka.) Mimi siku hizi ninazibeba mfukoni ndani ya koti mpaka saa ya kazi.

Sasa chukua pile za kuchajiwa za nikeli. Zimeandikwa volti 1,2, na wengi wanazikataa dukani: «hizi hazitoshi». Lakini rezistansi yake ni kama omu 0,03. Nne ni 0,12, zinapoteza volti 0,18 tu. Flashi inapata volti 4,6. Kumbe ndogo imeshinda kubwa, na unaichaji tena mara mamia.

Kwa hiyo ukienda dukani usome herufi. R6 peke yake ni ile ya bei nafuu iliyoniaibisha. LR6 ni alkali, inafaa. HR6 ni ya nikeli ya kuchaji.

Kama hizo hazipatikani, tumia pile kubwa za toroshi, R20, nne kwa mstari. Volti ni zile zile 6, lakini tumbo ni kubwa na rezistansi ni ndogo. Chonga vijiti vya mti vya ukubwa wa pile ndogo, milimeta 50 kwa 14, utie skrubu kwenye ncha, na waya mbili zitoke nje. Angalia sana chanya na hasi. Wengine wanatumia batri ya risasi ya volti 6 kutoka taa ya kuchaji. Inafaa, ila soma kwanza: nyingine ni za volti 4. Na hiyo inatoa ampea nyingi kuliko tranzista inavyozoea, basi utie fizible kwenye waya, na usipige picha kumi mfululizo.

Yafuatayo msijaribu. Batri ya sola ya volti 12 moja kwa moja, hapana. Tena kuna pile za litiamu zinazolingana kabisa na R6 kwa umbo, zimeandikwa 3,7 V na 14500. Nne zikijaa ni karibu volti 17, na flashi inaungua. Flashi nyingine za miaka ya 1970, kama Vivitar 283 za kwanza, zinarudisha zaidi ya volti 200 kwenye apareyi; ukiifunga kwenye apareyi ya dijitali unaweza kuiua.

Na wewe unayependa kufungua kila kitu: kondansateri inabaki na volti zake hata pile zikitolewa. Inaweza kukuua. Flashi iliyoharibika iache imefungwa.

Zoezi kwa darasa la tano: R20 nne, kila moja omu 0,3, ampea 1,5. Flashi inapata volti ngapi? Na kama fundi ameunga waya mbovu ya omu 1?