Nilivyoikuza taarifa ya ugonjwa ili niuze senene

Wadau, somo la leo linaniumbua mwenyewe.

Niko Bukoba, nauza senene wa kukaanga na kahawa. Wateja wangu wengi wako Dar. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likasema kuna watu wanaohisiwa kuwa na Marburg mkoani kwetu, upande wa Biharamulo. Meseji zikaanza: "Dada, mzigo wako uko salama kweli?" Oda mbili zikafutwa siku hiyo hiyo.

Wizara ya Afya ikatoa taarifa: sampuli zilizopimwa hadi tarehe 15 hazikuwa na virusi. Mimi mbio kwenye stetasi: "KAGERA HAKUNA MARBURG, NI UZUSHI! Agiza sasa."

Hebu angalia hapo. Wizara ilizungumzia sampuli zilizopimwa, mimi nikausafisha mkoa mzima. Nani kanituma?

Tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma na Tedros wa WHO, akatangaza mgonjwa mmoja amethibitika. Mteja wangu wa Tabata akanirudishia skrinshoti ya stetasi yangu, bila neno. Bora angenitukana.

Na mfano mzuri nilikuwa nao hapa hapa. Machi 2023, Bukoba Vijijini, serikali ilianza kusema tarehe 16 kuna ugonjwa usiojulikana na watu watano wamekufa. Tarehe 21 ndiyo ikataja Marburg. Kwa sababu walitangulia kusema bado hawajajua, mimi binafsi jina lilipotoka sikujiona nimedanganywa. Nikatulia, nikanawa mikono.

Basi nikatamani kufuta. Sikufuta, maana skrinshoti zilishasambaa. Nikaandika pale pale kwenye stetasi, na tarehe: "Niliandika Kagera hakuna Marburg. Nilikosea, mgonjwa amethibitika. Senene hawa walikaangwa Desemba, Bukoba mjini. Kuhusu ugonjwa mimi si daktari, piga 199 bure. Anayetaka hela yake narudisha." Watatu walitaka, nikawarudishia. Iliuma, ada ya kutuma niliibeba mimi.

Siku hizi nikiweka habari ya afya naweka nani kasema, lini, na maneno yake bila kuongeza chumvi. Na bei siweki kwenye posti hiyo.

Tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha. Watu kumi waliugua, wote walifariki. Niliposti hivyo tu, na pole. Jioni yule wa Tabata akaandika: "Senene wapo?"

Nikamjibu wa Desemba wameisha, asubiri msimu.