Jumatatu: Mzigo Uliogawanywa

Soma Kutoka 18:17–23. Yethro aliona hatari gani, naye alimpa Musa shauri gani?

Musa alitakiwa kuwachagua watu na kuwafundisha; mambo mazito tu ndiyo yaletwe kwake. Ndivyo afanyavyo kazi mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa vema. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mgonjwa hujisikia vizuri, hudhani amepona, huacha dawa. Baadaye huenda akapooza. Mhudumu humtembelea, humpima, na akikuta 140/90 au zaidi humpa rufaa kwenda zahanati. Hatibu asichofundishwa. Amwombaye Mungu uponyaji asione aibu kumeza vidonge.

Je, kanisani kwenu yupo aliyeacha dawa kimyakimya? Nani atamtembelea juma hili?