LUKU Idumu, Kompyuta Nazo Zidumu: Vidokezo 6 kwa Ofisi za Singida

Uko Singida mjini, Kiomboi, Manyoni au Ikungi, na ofisi yako ina kompyuta kadhaa, printa moja korofi na LUKU isiyokaa? Haya ni yako. Hatuitishi semina wala kuunda kamati. Chagua kimoja, uanze kabla ya chai ya saa nne.

1. Vumbi, toka nje!
Upepo wa Singida umewavutia hata wawekezaji wa umeme, lakini ofisini unatuletea vumbi tu. Likijaa kwenye feni ya kompyuta, joto hupanda, feni huvuma kama mashine ya kukamua alizeti, na kifaa huzeeka kabla ya siku zake. Dawa yake: zima, chomoa waya, toa nje, fungua ubavu, puliza kwa bloa. Siri ya mafundi ni kuyazuia mapanga ya feni kwa penseli, maana yakizungushwa kasi na upepo wa bloa yanaweza kuharibika. Ukiirudisha, usiiweke sakafuni wala chini ya dirisha. Kiangazi, rudia mara kwa mara.

2. Wa mwisho kutoka azime ukutani
Skrini, printa na chaja zote ziwe kwenye ekstensheni moja: kidole kimoja, kazi imekwisha. Na wale samaki wanaoogelea kwenye skrini ukienda kula? Hawaokoi umeme hata kidogo. Iseti kompyuta ilale yenyewe baada ya dakika 10.

3. Pande mbili, tafadhali
Iseti printa itoe pande mbili bila kuulizwa. Serikalini kuna mfumo wa Ofisi Mtandao. Barua inatoka meza hadi meza bila karatasi. Sasa yule anayeipokea humo, akaiprinti, kisha akaitia kwenye faili… tunamjua, na tunampenda, ila aache.

4. Kuukuu ina maisha bado
Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanataka kutupa mashine nzima. Subiri kwanza! Kwa laptop nyingi, sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa hutokea kiwandani, kabla hujaiwasha hata mara moja. Hifadhi data zako, mwambie fundi aweke diski ya SSD, aongeze RAM, na ujaribu Linux, ambayo ni bure. Utashangaa inavyokimbia. Ukilazimika kununua, chukua laptop: inakula umeme kidogo kuliko ya mezani, na ukikatika, betri yake inakulinda.

5. Sola iogeshwe alfajiri
Maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la saa nane yanaweza kukipasua. Tumia kitambaa laini na maji matamu. Ya Ziwa Singidani yaache hukohuko. Yana chumvi, yakikauka yanaacha utando.

6. Stoo si makaburi
Betri za UPS zina madini ya risasi na asidi: usizichome, usizitupe jalalani. Kanuni za taka za umeme na elektroniki zipo tangu 2021, kwa hiyo waulize NEMC ni nani mwenye kibali cha kuzikusanya. Kabla kompyuta haijaondoka, chomoa diski. Kufuta mafaili pekee hakutoshi, usije ukasikia mishahara ya ofisi nzima inasomwa kijiweni.